Karatasi Tatu Nyeupe Nilizomwachia Riziki

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka hamsini na minne, mkazi wa Kalemie. Kwa miaka tisa nilikuwa prezida wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, timu ya kulipwa, yenye wasichana kumi na wawili waliokula na kuvaa kwa kazi hiyo. Leo si prezida tena. Ninaandika nikiwa na hasira, wala sitaificha.

Ili mnielewe, lazima nianze na kidole changu...

Mume wangu alifariki tarehe 17 Agosti, saa kumi na moja alfajiri. Wakati huo sikujua kusoma. Tarehe 7 Septemba shemeji zangu waliniletea karatasi, wakaniambia ni ya kuwashukuru waliotoa rambirambi. Nikabonyeza kidole. Kumbe nilikuwa nimewaachia nyumba! Kesho yake nilitolewa nje na watoto wangu wanne.

Ndipo nikaingia shule, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, nikikaa benchi moja na watoto walioniita bibi. Walicheka, nikavumilia. Nilipata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, nikiwa na miaka arobaini na moja. Siku niliyoandika sahihi yangu kwa mara ya kwanza, niliiandika ukurasa mzima, nikaapa kwamba hakuna mtu atakayenidanganya tena kwa karatasi.

Timu niliianzisha kwa faida ya duka langu la vitenge. Watu waliniuliza mjane anatafuta nini uwanjani. Katika mwaka wetu wa tatu tulichukua kombe la jimbo, na wale wale wakaanza kusimama kwa heshima nikipita.

Riziki alikuwa nahodha wangu wa kwanza, binti wa Niemba, mwepesi kama umeme. Goti lake lilipovunjika, sikumtupa. Nilimleta nyumbani kwangu, nikamfanya sekretere wa timu. Alikaa kwangu miaka sita. Nilimfundisha kuandika barua rasmi, na kuandika tarehe kwa maneno, si kwa tarakimu, kwa sababu tarakimu hubadilishwa kwa urahisi. Aliniita Mama. Nami niliitika.

Sasa nielezeni, nani angemshuku binti wa namna hiyo?

Kosa langu lilianzia Kabalo. Nilikuwa nimekwenda huko kutafuta wachezaji, gari la moshi likanikwamisha siku nne. Huku nyuma, lisansi ya mchezaji mmoja, kile kibali cha kucheza, ilihitaji sahihi ya prezida, na prezida hayupo. Wapinzani walipewa ushindi bila sisi kuingia uwanjani. Tangu siku hiyo, kila niliposafiri nilimwachia Riziki karatasi tatu nyeupe, chini yake sahihi yangu na muhuri wa timu, ili kazi isisimame. Maprezida wengi wa kwetu hufanya hivyo, maana safari zetu hazina saa. Nikajiona mwerevu...

Tarehe 19 Agosti mwaka huu nilimwachia karatasi tatu, nikaondoka asubuhi ya tarehe 20 kwenda Kongolo. Nilirudi tarehe 1 Septemba na wasichana wawili warefu, moyo ukiimba. Tarehe 2 niliitwa kwenye kikao cha komite ya timu. Kitini kwangu alikuwa amekaa Papa Delphin, mfanyabiashara wa saruji, aliyeitamani timu yetu tangu tulipochukua kombe. Akanisomea barua yangu ya kujiuzulu!

Ilisema kwamba nimechoka, na kwamba namwachia yeye uongozi. Ilikuwa barua nzuri. Kila aya ilipangwa kama nilivyofundisha. Na juu yake, kwa maneno kamili: tarehe kumi na saba ya mwezi wa nane. Walirudisha tarehe nyuma ili ionekane niliandika nikiwa bado mjini.

Nilisimama. Niliwaambia kwamba tarehe 17 Agosti, kila mwaka, sishiki kalamu. Nashinda kaburini kwa mume wangu. Niliwaambia aliyenishikia maua mwaka huu alikuwa Riziki mwenyewe. Riziki akatazama sakafu.

Papa Delphin hakupandisha sauti. Alisukuma karatasi mbele yangu, akagusa sahihi iliyo chini yake.

"Mama, tarehe haina kazi. Hii sinyatire njo ya nani?"

Ningeweza kusema si yangu. Wasomaji, ningeweza! Lakini sahihi ile niliitafuta miaka tisa kwenye benchi la watoto. Ningeikanaje mbele ya watu?

"Njo yangu," nikasema.

Kikao kikafungwa kabla sijaeleza habari ya karatasi nyeupe. Wajumbe saba, watu wazima waliokula mezani kwangu, hawakuuliza swali hata moja!

Nilimkuta Riziki mlangoni. Walikuwa wamemwahidi kuwa mkurugenzi wa timu. Nilimuuliza nilimkosea nini.

"Mama, ulinifundisha kuandika," akasema. "Lakini miaka sita niliandika maneno yako tu. Yangu haukuyauliza hata siku moja."

Labda ni kweli. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini mwenye kilio huja na kilio chake mchana, mbele ya mwenziwe; haji na kalamu wakati mwenziwe yuko safarini. Sijamsamehe. Nikisema nimemsamehe nitakuwa nimeandika uongo wa pili juu ya jina langu.

Mara ya kwanza niliibiwa kwa sababu sikujua kusoma. Mara ya pili niliibiwa nikiwa na diploma ukutani! Dada zangu, wajane wenzangu, nanyi mnaoongoza watu: msiweke jina lenu chini ya ukurasa mtupu, hata kwa mtoto mliyemlea. Acheni kazi isimame. Kubalini kupokonywa mechi. Mechi hurudi...

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatazama wasichana wangu wakicheza. Mlinzi wa mlango, kijana asiyenifahamu, alinipa daftari la wageni nisaini. Nilivaa miwani. Nilisoma ukurasa wote, mstari kwa mstari, watu nyuma yangu wakinung'unika kwamba mchezo umeshaanza.

Niliwaacha wanung'unike. Nilipofika mwisho, nikageuza ukurasa nione na nyuma yake kumeandikwa nini. Ndipo nikasaini.