Mto wa Kochi na Suruali ya Kazi

Jamani, nisikilizeni taratibu, maana hata kulisimulia jambo hili kunanichosha.

Jumapili moja mchana nyumba ya Mshonaji ilikuwa imetulia tuli. Yeye alikuwa dirishani akikanyaga cherehani, na mumewe, mkata magogo, amejinyoosha kwenye kochi anakoroma. Mume huyo alikuwa na miaka kumi na miwili msituni na msumeno wa mnyororo, na kila jioni alirudi hoi, mikono ikimtetemeka hata chai inamwagika. Mkewe naye mgongo ulikuwa umemchoka kwa kuinama. Walipendana hivyo hivyo, katika uchovu wao.

Alipoamka, mume alimrushia suruali ya kazi, ile nene waliyogawiwa na kampuni.

"Mama watoto, hii suruali itaniua. Nzito kama nimevaa godoro! Hebu fumua hayo matakataka waliyojaza ndani, halafu urudishie mshono. Nje ibaki vilevile, msimamizi asijue."

Mshonaji aliipapasa. Mapajani mlikuwa na tabaka juu ya tabaka za nyuzi ndefu, laini. "Hazina kazi kweli hizi?"

"Kazi yake kunipika tu. Mke wangu, nimechoka."

Naye alikuwa amechoka, hakuwa na nguvu za kubishana. Akafumua, akashona upya, na kazi ilikuwa safi ungeapa haijaguswa. Zile nyuzi hakuzitupa. Mshonaji gani anatupa kitu kizuri? Alizijaza kwenye mto wa kochi, na mumewe akaulalia jioni ileile. "Lo! Hapa umenikosha," akasema.

Sifa zikafika msituni. Wiki iliyofuata wakataji wawili walileta suruali zao, na Mshonaji akazifumua vilevile. Mnaona mambo hayo? Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kila asubuhi msimamizi aliwakagua: kofia ipo, kinga ya masikio ipo, buti zipo, suruali ipo. Aliangalia nje, basi.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, mume alimaliza kukata matawi ya gogo moja akawa anahamia la pili. Sheria aliijua: ukitembea, funga breki ya mnyororo au zima mashine. Lakini alikuwa hoi, na zilikuwa hatua nne tu. Buti likateleza kwenye gome bichi, msumeno ukamshukia pajani, mnyororo bado unazunguka. Mwenzake aliligandamiza jeraha kwa shati lake mpaka gari lilipofika, ndiyo maana mtu huyo yu hai. Mguu wenyewe ulishindikana. Waliukata juu ya goti.

Kesho yake asubuhi, mwenzake huyo alimkuta Mshonaji kwenye benchi la hospitali. Mkononi alikuwa na ile suruali, ndani ya mfuko.

"Pole sana, shemeji. Ila kuna kitu sikielewi. Suruali hizi zina nyuzi. Mnyororo ukigusa, nyuzi zinachomoka, zinausonga, mashine inakwama papo hapo. Mimi mwaka jana nilitoka na mchubuko tu. Hii yake ilikuwa tupu! Walioiuzia kampuni lazima tuwashtaki."

Mshonaji aliutazama mfuko ule. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Kisha akawakumbuka wale wawili.

"Usimshtaki mtu, shemeji. Nilizitoa mimi. Na wapo wengine wawili, nimewafumulia. Wako wapi saa hizi?"

Mwanamume yule alimkodolea macho. "Wako kazini!"

"Piga simu, baba! Piga simu!"

Alipiga. Msimamizi akazimisha mashine zote, na wale wawili wakapatikana, kila mmoja na msumeno mkononi. Suruali zao zilichanwa hapohapo, zikaletwa mpya.

Jumapili walikuja kumwona mgonjwa. Walisimama kando ya kitanda, macho chini. Mume aliwatazama miguu yao minne, akamgeukia mkewe.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Mimi ndiye niliyekutuma," akasema, akaanza kulia. Mshonaji akamshika mkono, wakalia pamoja. Mto ule upo kwenye kochi mpaka leo, na hakuna anayeulalia.

FUNZO

Ndugu zangu, vazi la kinga likikutesa kwa uzito au joto, mwambie msimamizi, pumzika, kunywa maji, usilipunguze, usilifumue. Likishachanika halitiwi kiraka, linabadilishwa. Mnyororo ufungwe breki hata kwa hatua moja, na mwili ukichoka, mashine izimwe. Msimamizi, kagua mpaka ndani. Nasi tunaobaki nyumbani, tukiombwa kufumua kitu tusichokijua, tuulize kwanza kiliwekwa cha nini. Mshonaji aliuliza mara moja, akajibiwa ovyo, akanyamaza. Angeuliza mara ya pili, mumewe angekuwa anatembea.