Uzani wa Ndege ya Haroun

Fomu ya Uthibitisho wa Uzani wa Chombo Kisicho na Abiria ndiyo iliyompeleka rafiki yangu Bassam, baada ya swala ya alasiri, kwenye ghala la marehemu nduguye, Haroun, huko Mji wa Kale. Haroun aliacha ndege moja aliyoiunda kwa mkono: ya umeme, kiti kimoja, bawa dogo likiwa mbele badala ya mkiani. Kanuni zilitaka isizidi kilo mia mbili. Ikizidi, ivunjwe, na Bassam hakubakiwa na kitu kingine cha nduguye.

Mkaguzi, Nicodemus, aliweka mizani chini ya magurudumu. Ikasoma mia mbili sitini na nane.

"Toa betri, Bwana Bassam."

"Nilizitoa jana."

"Basi serikali imesikitika."

Hapo stima zikapotea. Ghala halina dirisha na mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo zilibaki tarakimu nyekundu za mizani peke yake. Nicodemus, mtu wa kufuata fomu hata gizani, akatamka kifungu kilichobaki: "Yeyote aliyemo chomboni ateremke."

Bassam anasema hakuogopa, wala hakuhisi chochote. Alisikia mkanda wa kiti ukifunguliwa. Kisha mguu mtupu ukagusa sakafu, na wa pili.

"Bwana Bassam, uko wapi?"

"Hapa. Nimekushika bega."

Nyayo ziliwapita taratibu, zikaelekea mlangoni. Mizani ikashuka hadi kilo mia moja tisini na saba, na ndege ikapita ukaguzi.