Dakika Tisini za Protase

Siku Protase alipomwona Nikuze kwa mara ya kwanza alikataliwa hapohapo, mbele ya watu. Tuseme ukweli, lililokataliwa ni gunia lake.

Ilikuwa siku ya soko Kayanga. Foleni ya kahawa ilikuwa imefika mpaka kwa wauza mitumba, na spika mbili zilikuwa zikigombana kwa kelele. Nikuze alisimama kwenye mzani wa chama cha wakulima, gauni la bluu, kitenge cha njano kiunoni, mgongo umenyooka kama anapigwa picha. Akachota kahawa ya maganda kiganjani, akaitikisa karibu na sikio.

"Imenyamaza," akasema.

"Ulitaka iseme nini?"

"Punje ikikauka inagonga ganda lake, unaisikia. Hii yako ina maji, nitapima maji. Rudi ukaianike, kaka."

"Basi nipe namba yako, nikupigie ikianza kusema."

Foleni nzima ikacheka. Nikuze naye akacheka, na msichana akishacheka, namba hutoka.

Protase alikuwa kijana wa Muleba, akiuza makava ya simu karibu na stendi, na gunia mojamoja la kahawa msimu ukifika. Alikuwa mtanashati, pasi ya shati lake ungeweza kukatia nyanya. Ubaya wake ulikuwa mmoja: saa. Akikwambia "nipo njiani", jua bado ana sabuni usoni. Alimwahidi Nikuze kwamba Pasaka atapeleka wazee Nyakatuntu kwa baba yake, mzee Ildefonsi. Pasaka ikapita. Akasema Pentekoste. Nayo ikapita, na mzee akaanza kuuliza kama huyo mchumba ana miguu.

Ndipo zikatangazwa mbio za kuchangia madawati: nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, kutoka Kayanga kushuka upande wa Kihanga, unageuka kwenye kibao, unarudi. Protase, ambaye hajawahi kukimbia hata akifukuzwa na mvua, akajiandikisha.

"Nitatumia dakika tisini, mpenzi," akamwambia Nikuze kwenye simu.

"Umezipataje?"

"Kila asubuhi nakimbia mpaka kwenye kibao. Dakika arobaini na tano. Zidisha mara mbili."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni njia ileile, mama."

Njia ni ileile, kweli. Ila kwenda ni mteremko na kurudi ni mlima, na mlima huo Protase hakuwahi kuukimbia hata siku moja. Alikuwa akirudi juu ya Fuso la ndizi la Ndyamukama, kakaa kwenye mikungu kama askofu.

"Protase wangu," Nikuze akasema taratibu, "sema masaa matatu. Ni mara yako ya kwanza. Masaa matatu siyo aibu."

"Masaa matatu? Unaniona mzee?"

"Nakuona kahawa mbichi. Ianike kwanza."

"Kumbe unanidharau!" Akakata simu. Na kwa hasira ile akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anafunika uso: akampigia mzee Ildefonsi. "Shikamoo baba. Jumamosi njoo Kayanga unione. Mbio zinaanza saa moja asubuhi. Saa mbili na nusu kamili nitakuwa mbele yako." Kisha akaenda kwa fundi, akachapisha mgongoni mwa fulana ya njano: DAKIKA 90.

Jumamosi mzee alitoka Nyakatuntu alfajiri, kavaa koti la harusi yake mwenyewe, kambeba jogoo kwapani kwa ajili ya mkwe. Akapewa kiti pembeni ya utepe. Saa mbili na nusu walifika watu, tena wengi. Nikuze akanyoosha shingo kila ilipotokea fulana ya njano. Wa kwanza alikuwa padri. Wa pili mama wa watoto wanne.

Protase wakati huo alikuwa mlimani. Mteremko aliupiga kwa dakika arobaini na nne, akapungia watu mkono. Alipogeuka kwenye kibao miguu ikamwuliza Fuso liko wapi. Akakimbia kidogo, akatembea, akasimama kama anayefunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akampita. Namfahamu vizuri bibi huyo, ndiye aliyenisimulia ya mlimani.

"Shikamoo," Protase akasema akihema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizo dakika tisini za mgongoni zimekwisha au ndiyo zinaanza?"

Nyuma yake likanguruma Fuso. "Protase!" Ndyamukama akapaza sauti mbele ya wakimbiaji wote. "Mbona leo hupandi? Mahali pako pale!"

Aliutazama mkungu mmoja mnene, wa kukalia vizuri kabisa. Machozi yakamtoka. "Nenda tu, kaka," akasema. "Leo narudi mwenyewe."

Alifika saa nne na dakika tano. Utepe ulikuwa umekunjwa na viti vinapakiwa, isipokuwa kimoja. Mzee Ildefonsi alikuwa bado amekikalia, jogoo amelala mapajani.

"Nimeambiwa kuna mtu anakuja," alikuwa akiwajibu wenye viti. Alipomwona Protase akatazama saa yake. "Saa mbili na nusu ya wapi hiyo, mwanangu?"

Watu wakacheka. Nikuze akajifunika kitenge mpaka kichwani. Protase akaondoka bila kuaga, akizunguka nyuma ya choo cha stendi, na kwa siku tatu duka likafungwa, simu ikazimwa.

Siku ya nne Nikuze akagonga mlango wa duka.

"Fungua. Najua umo, nasikia unavyochechemea."

Akafungua, macho chini. "Nilikuwa narudi na Fuso," akasema. "Kila siku."

"Najua. Ndyamukama analeta kahawa yake kwangu. Aliniambia tangu wiki ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Nikakupa nafasi ya kusema mwenyewe. Hukusema, nikakuacha uumbuke mbele ya baba. Nilitaka uone." Akajipangusa uso kwa kitenge. "Sasa hata mimi sina uso. Tuko wawili wenye aibu, Protase. Niambie kitu kimoja tu. Kwetu utakuja lini?"

"Juma—" Akajizuia. Akahesabu vidole muda mrefu. "Baba mdogo wa kunisindikiza yuko Muleba mpaka wamalize kuvuna. Mwezi wa kumi. Jumamosi ya tatu. Nikisema kabla ya hapo nitakudanganya."

Nikuze akamwinamia, sikio karibu na kifua chake, akasikiliza kama vile yuko kazini.

"Inagonga?" Protase akauliza.

"Inaanza." Akatoa simu. "Baba, shikamoo. Anasema mwezi wa kumi, Jumamosi ya tatu, saa nane mchana."

Protase akamvuta mkono. "Mwambie saa kumi," akanong'ona. "Njia ya kwenu ina mlima."

Nikuze akasema saa kumi. Upande wa pili mzee akakohoa.

"Vizuri," akasema. "Tutabandika chakula saa kumi na moja."