Tovuti Iliyojibu Kila Salamu

Ukipita mtaa wa Kibokoni asubuhi, huna haja ya kuulizia nyumba ya Bi Mwanabaraka. Pua yako itakupeleka. Bi Mwanabaraka hupika udi. Huchemsha sukari na marashi mpaka shira inate, kisha hutia vipande vya udi na kukoroga bila kupumzika. Alasiri hufunga vikuba vya asumini na rehani, maua ambayo maharusi huvaa kifuani. Kazi hii alifunzwa na mamake, na mamake alifunzwa na mamake. Haijabadilika, na yeye hataki ibadilike.

Nyumbani mwake kulikuwa na kitu kipya kimoja tu, nacho ni tovuti. Alitengenezewa na Khubaib, mtoto wa kakake, kabla hajaenda kufanya kazi Maskati. Khubaib ni kijana mwema, ila hajui kufanya kitu kidogo. Alimwekea shangazi yake kurasa tele. Akaweka mahali pa kuandika habari za kila siku, na mahali pa wageni kuandika maoni yao.

"Shangazi, utakuwa kama gazeti!" alisema kwa furaha.

Gazeti lenyewe liliandikwa siku moja tu. "Bismillahi. Karibuni nyote. Udi upo." Tangu hapo hapakuongezwa neno.

Lakini maoni yalikuja. Kila alasiri Bi Mwanabaraka alivaa miwani yake, akafungua simu, akayasoma. Maoni hayakuonekana na watu mpaka yeye ayakubali, na kanuni yake ilikuwa moja. Aliyetoa salamu alikubaliwa, na salamu yake ilijibiwa.

"Mama, watu hawa wawajua?" aliuliza binti yake, Fadhiya.

"Siwajui. Lakini mtu akikutolea salamu, ni wajibu umjibu. Ama mimi nilikulea vipi?"

Nani atabishana na hilo?

Jumatatu moja simu ililia. Aliyepiga alikuwa Bi Mwanakuu wa Bondeni, shoga yake tangu walipokuwa wadogo chuoni, wakifundishwa Kurani. Mjukuu wa Bi Mwanakuu, Maisara, alikuwa aolewe Jumamosi. Bi Mwanabaraka ndiye aliyemvisha Mwanakuu kikuba siku ya arusi yake. Ndiye aliyemvisha na binti ya Mwanakuu. Sasa ilikuwa zamu ya Maisara, na udi na vikuba vyote vilikuwa vitoke kwake.

"Mwanabaraka, wauza nini siku hizi?" Sauti ya Bi Mwanakuu haikuwa na mzaha.

"Nauza udi. Kwani wewe hujui?"

"Wakwe wamefungua hiyo tovuti yako jana. Walitaka kuona vikuba. Wameona kamari! Tangazo juu ya tangazo. Na wewe wawajibu, wawaita wanangu!"

"Mwanakuu, mimi na kamari?"

"Mimi nakujua. Wao hawakujui, wajua walichokiona. Bamkwe wa Maisara amesema udi wa nyumba hiyo hauingii kwake. Nami nifanye nini, shoga yangu? Arusi ni ya pande mbili."

Bi Mwanabaraka aliishika simu hata baada ya kukatika. Nyuma yake sukari iliungua sufuriani. Hilo halijapata kutokea nyumbani humo. Kisha akakaa kitako akalia. Hakulilia biashara. Alilia kwa sababu Maisara angevishwa kikuba na mkono mwingine.

Fadhiya hakungoja. Alimpigia Jael, rafiki aliyesoma naye. Jael anaishi mtaa wa Buxton, na kazi yake ni kutunza tovuti za watu. Alikuja jioni ile ile alipotoka kazini.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Umekula?"

Hata na macho mekundu, Bi Mwanabaraka hakukubali mgeni aanze kazi kabla ya chai na mahamri. Jael alikula, akafuta vidole, akaichukua simu. Akasoma kwa sauti.

"Assalamu alaykum, ndugu. Bonyeza hapa ushinde mamilioni."

Chini yake Bi Mwanabaraka alikuwa amejibu: "Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi sishindani na mtu. Ukitaka udi, karibu."

Jael aliuma mdomo asicheke. Fadhiya alishindwa kabisa. Mwishowe mama mwenyewe akatabasamu, machozi yakiwa bado yamemlenga.

"Mama, hawa si watu," alisema Jael kwa upole. "Ni programu za kompyuta. Watu wabaya huzituma zizunguke mtandaoni, zitafute mahali pa kubandika matangazo. Zinatoa salamu kwa sababu mtu mwema huijibu."

"Mashine yanitolea salamu?"

"Ndiyo. Na huu mfumo wako ulivyopangwa, mgeni ukimkubali mara moja, akirudi hangoji tena. Anaandika moja kwa moja, na maoni mapya yanatokea ukurasa wa mbele. Kwa hivyo uliwafungulia wote."

"Subhanallah! Nami nikidhani nina adabu."

"Adabu unayo. Wao ndio hawana. Sasa nitayafuta yote na kufunga sehemu ya maoni. Nitahitaji neno lako la siri, usilitaje, niandikie tu..."

"Udi," alisema Bi Mwanabaraka kwa sauti. "Udi tu. Nani mtaani asiyelijua?"

Jael alishika kichwa. Kisha akayafuta matangazo yote pale pale. Alipomaliza, aliweka simu chini.

"Tumezima moto, lakini bado hatujamaliza. Khubaib alikuwekea mfumo wa kusimamia maudhui. Maudhui ni maandishi na picha. Ukiwa na mfumo huu, unaingia kwa neno la siri na kubadilisha kurasa mwenyewe, wakati wowote. Ni kitu kizuri. Kuna shule ninayoihudumia inautumia. Walimu wanaandika habari kila wiki, na mimi naulinda. Nausasisha, natunza nakala, nachuja maoni. Huu wako haujasasishwa tangu Khubaib asafiri. Leo ni matangazo. Kesho mtu angeweza kuingia na kugeuza ukurasa wote."

"Kumbe mfumo huu wataka kulelewa," alisema Bi Mwanabaraka.

"Hasa! Unataka kulelewa, tena haukui kama mtoto ukajitegemea. Lakini kuna aina ya pili, inaitwa tovuti tuli. Kurasa zake huandikwa zikakamilika, kisha hukaa vile vile. Mgeni anafungua, anasoma, basi. Hakuna mahali pa yeye kuandika, na hakuna mlango wa kuingilia kwenye ukurasa wenyewe. Inafunguka haraka hata kama bando ni dogo. Neno la siri linabaki moja tu, la yule anayeitengeneza. Na haliwi udi."

"Na ubaya wake?" aliuliza Fadhiya.

"Ukitaka kubadilisha hata neno moja, lazima umwite anayejua."

"Basi tuchague ipi?"

"Mama ndiye atakayetuambia. Mama, bidhaa zako hubadilika mara ngapi?"

Bi Mwanabaraka alishangaa. "Hubadilika? Udi ni udi. Nyanyangu akirudi leo, ataujua kwa harufu."

"Na nani nyumbani humu atautunza mfumo kila wiki?"

Mama alimtazama Fadhiya. Fadhiya akaitazama dari.

"Mmeshajibu," Jael alicheka. "Tovuti tuli yawatosha. Mkianza kuuza vitu vipya kila siku, na mkapata wa kuutunza, mtarudi kwenye mfumo."

"Na siku asumini ikikosekana?" Fadhiya hakuridhika.

"Iandike kwenye status ya WhatsApp, kama unavyofanya siku zote."

Bi Mwanabaraka alimwongezea Jael chai. Kisha akauliza polepole, "Lakini mwanangu, mtu wa kweli akitaka kunitolea salamu?"

Jael alimwelewa, na akampenda zaidi kwa swali hilo.

"Tutaweka namba yako ya simu juu kabisa, mama. Anayetaka kukusalimu atapiga, nawe utamsikia sauti."

Kesho yake Fadhiya alipiga picha za vikuba, za chetezo cha kufukizia udi na za mikono ya mamake ikifunga asumini. Jumatano tovuti mpya ilikuwa tayari. Ilikuwa ukurasa mmoja tu. Ulionyesha picha, majina ya bidhaa, njia ya kufika nyumbani na namba ya simu. Fadhiya alimtumia Bi Mwanakuu anwani ya ukurasa huo, akamweleza yote yaliyotokea, hata habari za mashine zinazotoa salamu.

Siku ile haikuja simu. Bi Mwanabaraka alikoroga udi wake huku akiitupia simu jicho.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, simu ililia. Miwani ilikuwa mbali, kwa hivyo hakuona jina.

"Assalamu alaykum," ilisema sauti.

Bi Mwanabaraka aliifungua midomo ajibu, kisha akasita. Alikuwa ameshafunzwa.

"Wewe ni mtu," aliuliza kwa ukali, "au ni mashine?"

Upande wa pili kikazuka kicheko alichokijua tangu utotoni.

"Mashine? Mimi Mwanakuu! Bamkwe ameuona ukurasa wako, na kisa cha salamu zako kimemchekesha hata kofia imemwanguka. Asema mwenye kujibu salamu hata ya mashine ana mkono wa baraka. Leta udi. Leta vikuba. Na uje wewe mwenyewe, husikii?"

Bi Mwanabaraka alilia tena, na safari hii sukari haikuungua.

Jumamosi alifika Bondeni amebeba sinia ya vikuba kichwani, Fadhiya na Jael nyuma yake. Bi Mwanakuu alimngoja mlangoni, mikono kiunoni, amevaa dhahabu zake zote.

"Assalamu alaykum, Bi Mashine!"

"Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh," alijibu Bi Mwanabaraka, salamu nzima, bila kupunguza hata neno. Kisha akaingia ndani kumvisha Maisara kikuba.