Kilo Nane za Tulasa

Nandakala alikuwa na nyati mmoja wa kufugwa, wa maziwa. Hakuna aliyepita karibu na zizi lake bila kusikia sifa za mnyama huyo.

"Samli ya huyu," alikuwa akisema, "ukimpa maiti ananyanyuka."

Tangu mwezi wa Falgun, baridi ilipokuwa inaisha, samli hiyo haikuuzwa tena. Tulasa, mke wa mwanawe Lokendra, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Katika vilima vya Palpa, mzazi hulishwa. Asubuhi mchuzi wa mbegu za ajwani wenye samli. Mchana wali na kuku. Jioni mchuzi tena na samli tena. Nandakala alipika vyote kwa mikono yake, maana Lokendra alikuwa Malaysia kiwandani. Nyumbani walikuwa wao wawili na kichanga.

"Kula, mwanangu."

"Nakula, mama."

Na kweli alikula. Alimaliza sahani, akaongezwa, akamaliza tena. Baada ya saa moja njaa ilimrudia. Lakini mtoto alinenepa, na mama yake alizidi kukonda. Mashavu yalibonyea. Mitulinga ikatokeza chini ya shingo.

Siku moja Tulasa alikuwa anasugua masufuria. Bangili zake za kioo zikateleza mkononi, zikaanguka sakafuni. Mbili zikavunjika. Nandakala alishtuka. Mwanamke mwenye mume hai hakai mikono mitupu! Mchana huohuo akamwita mama muuza bangili.

"Saizi yake ileile?" aliuliza muuzaji, akifungua kikapu.

"Hapana. Lete ndogo."

"Hizi ndogo wanavaa wasichana wa shule, mama."

"Nimesema lete!"

Bangili mpya zilimkaa vizuri. Nandakala akashusha pumzi. Aliona tatizo limekwisha. Kumbe alikuwa amepunguza bangili tu. Kwa nini mkono ulipungua, hakujiuliza.

Majirani ndio walijiuliza, tena kwa sauti. Asubuhi moja pale bombani, Mama Jitman, jirani asiyejua kufunga mdomo, alimwita mbele ya watu.

"Mama Lokendra! Ile samli tunayosikia harufu yake, anakula nani? Mbona mkwe wako kabaki ufito?"

"Anakula yeye!"

"Mh! Sisi tunaona aliyejaa ni wewe."

Wanawake wakaangua kicheko. Nandakala akabeba mtungi wake kiunoni, akaondoka bila kuaga. Machozi yalimlengalenga. Miezi minne anaamka kabla ya jogoo ili ampikie mtoto wa watu, halafu aambiwe anamnyima chakula!

Siku hiyo akaongeza samli mara mbili. Tulasa akaharisha. Nandakala akamwita mganga. Mganga akapuliza, akamfunga Tulasa uzi shingoni, akaondoka na jogoo mwekundu. Tulasa akazidi kukonda.

Mwezi wa Asar ukafika, mvua ikashuka, kijiji kizima kikaingia mashambani kupanda mpunga. Tulasa aliinama pamoja na wenzake. Hakupanda hata mistari miwili. Maji ya shambani yalikuwa baridi, lakini yeye alitokwa na jasho tele. Akakaa kwenye tuta, ameshika kifua.

"Nini tena?" Nandakala aliuliza.

"Moyo, mama. Unakimbia. Nimekaa, lakini wenyewe unakimbia."

Nandakala aliutazama mkono wa Tulasa. Miche aliyoishika ilikuwa inatetemeka.

"Umeanza lini kutetemeka?"

Tulasa aliinamisha kichwa. "Siku nyingi. Nilificha."

Kesho yake ilikuwa siku ya kupima watoto katika kituo cha afya. Hastamaya, mhudumu wa afya wa kujitolea, ndiye aliyeshika mzani. Mwanamke huyo alikuwa amezunguka vilima vile kwa miguu miaka kumi na tisa. Alimpima mtoto, akaandika, akatabasamu.

"Kilo sita na nusu. Safi kabisa. Haya, na mama mtu apande mzani wa watu wazima."

"Mimi? Mimi si mtoto, dada," alisema Tulasa.

"Panda."

Tulasa akapanda. Hastamaya akasoma, kisha akafungua kadi ya uzazi ya Tulasa. Tabasamu likamfutika.

"Mwezi mmoja baada ya kujifungua ulikuwa kilo hamsini na mbili. Leo arobaini na nne. Umepoteza kilo nane katika miezi mitatu."

Nandakala akaruka. "Hasta, usinitazame hivyo! Namlisha! Kawaulize kuku wangu, kama wamebaki!"

"Nani kakushtaki, mama? Najua anakula. Ndiyo maana naogopa. Angekuwa hali, ningejua sababu."

Nandakala akamsogelea. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwamini.

Hastamaya alimwambia Tulasa anyooshe mikono mbele, vidole wazi. Akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka. Akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake.

"Umekaa kitako, na moyo unapiga mara mia moja na kumi na nane kwa dakika. Huo ni wa mtu aliyepanda mlima. Una kikohozi? Homa za jioni? Jasho la usiku?"

"Jasho, ndiyo. Hata mchana. Kikohozi sina."

"Kiu sana? Mkojo mara nyingi?"

"Hapana."

"Usingizi?"

"Hauji, hata mtoto akilala."

"Si ni kunyonyesha tu, Hasta?" Nandakala aliuliza. "Mtoto anavuta maziwa, mama anakauka."

"Anayenyonyesha hupungua, mama, lakini polepole, na mikono haitetemeki. Huyu anakula sahani mbili na anaisha. Lazima apimwe."

Tulasa akamkumbatia mtoto kwa nguvu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni kifua kikuu, dada? Shangazi yangu alikufa hivihivi, amebaki mifupa. Ndiyo maana nilificha. Wakikiona, wataniondolea mwanangu. Wataniambia niache kumnyonyesha."

"Mimi sipimi kwa macho. Lakini nikwambie, hata kingekuwa hicho, kina dawa, na mama anayemeza dawa huendelea kunyonyesha. Anayekaa bila kupimwa ndiye anayemhatarisha mtoto."

"Watampima nini hasa?" Nandakala aliuliza.

"Daktari atamsikiliza kwanza, kisha ataamua. Wampime damu, waone kama imepungua. Wapime sukari. Wapige picha ya kifua. Na wasisahau tezi ya shingo." Hastamaya aligusa shingo yake mwenyewe, chini kidogo ya koo. "Hapa kuna tezi ndogo. Ndiyo inayoshika moto wa mwili. Ikizidisha moto, chakula chote kinaungua. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho linatoka. Wanawake wengine huvurugika tezi hii miezi michache baada ya kujifungua. Watu wanasema ni uchovu, ni jicho baya. Kumbe kipimo kidogo cha damu kingesema ukweli. Nawaandikia barua. Msingoje mpunga uishe."

Njiani Nandakala alitembea nyuma. Kichwani alikuwa anasikia sauti za bombani. Mkwe wa Nandakala kapelekwa kupigwa picha ya kifua! Msinywe maji nyumbani kwake! Alimtazama Tulasa akipanda njia mbele yake. Kila hatua kumi alisimama kuvuta pumzi. Nandakala akajiona mjinga. Anaogopa midomo ya watu, na mtoto huyu anayeyuka mbele ya macho yake?

Alipofika nyumbani alimpigia Lokendra, kwa ile simu ya kuonana uso.

"Mama, amechoka tu," alisema Lokendra. "Mpe vitamini. Mimi nakuja sikukuu ya Dasain, tutampeleka."

"Dasain ni miezi mitatu! Wewe unaona uso tu, tena amejifunika shali. Tulasa, toa shali."

"Mama, naona aibu."

"Huyu ni mumeo. Toa. Nyoosha mikono aone."

Lokendra akaona.

"Mama, mpeleke kesho," alisema.

"Sikukupigia kuomba ruhusa," alisema Nandakala. "Nimekupigia kukuarifu."

Walishuka mjini na basi la kwanza. Kituoni walimkuta Mama Jitman.

"Enhe, safari ya wapi wakati wa kupanda?"

"Hospitali," alijibu Nandakala, kwa sauti ya kusikika na kila abiria. "Nampeleka mkwe wangu akapimwe damu, sukari, kifua na tezi. Ukiwaeleza watu, usisahau hata kimoja."

Mama Jitman akajisogeza kuwapisha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alisoma barua ya Hastamaya, akauliza maswali mengi, akamkagua Tulasa shingo na macho. Akaagiza vipimo vilevile, na cha virusi vya ukimwi pia, baada ya kumuuliza Tulasa kama anaridhia. Wakalala kwa binamu wa Nandakala. Kesho yake majibu yakatoka. Nandakala alikaa kwenye benchi kando ya Tulasa.

"Kifua ni safi," alisema daktari.

Tulasa akaanza kulia papo hapo, mtoto akiwa kifuani.

"Sukari nzuri. Virusi hakuna. Damu imepungua kidogo, nitakupa vidonge. Tatizo ni tezi. Imechachamaa baada ya uzazi, inamwaga nguvu kupita kiasi. Nitakupa dawa ya kutuliza moyo. Unaweza kunyonyesha bila wasiwasi. Mara nyingi hali hii hupoa yenyewe. Lakini nisikilizeni vizuri. Tezi hii ikishachoka kukimbia, inaweza kulala. Tena kuna ugonjwa mwingine wa tezi unaofanana na huu. Kwa hiyo mrudi baada ya wiki nane kupima tena, hata mkijiona wazima."

"Tutarudi," alisema Nandakala.

Kuahidi ni rahisi. Wiki zikapita, mtetemo ukaisha, Tulasa akaanza kujaa. Kilo arobaini na saba. Hamsini. Hamsini na nne! Uso ukawa mviringo. Pale bombani maneno yakageuka.

"Samli ya Mama Lokendra si mchezo!" walisema sasa. "Tuuzie na sisi!"

Lo, maneno hayo yalikuwa matamu! Nandakala alitembea kifua mbele kijiji kizima.

Lakini Tulasa alikuwa analala hadi jua linachoma. Alijifunika blanketi mwezi wa Bhadra, watu wakijipepea. Alitembea taratibu, alijibu taratibu.

"Umenenepa, sasa umekuwa mvivu," Nandakala alimgombeza. "Nyasi za nyati nikate mimi?"

Siku ya kurudi hospitali ikafika. Nandakala alikuwa anakamua.

"Mama, leo ni zamu ya kipimo," alisema Tulasa.

"Kipimo cha nini? Umepona! Wote wanasema."

"Daktari alisema hata nikijiona mzima. Na mimi sijioni mzima." Tulasa alisimama mlangoni mwa zizi, mtoto mgongoni, kadi mkononi. Hakuwahi kumbishia mama mkwe. "Nasikia baridi hadi kwenye mifupa. Kutandika kitanda tu kunanishinda. Si uvivu, mama. Usipokwenda, nakwenda peke yangu."

Nandakala akaacha kukamua. Alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Uso ule haukuwa umenona. Ulikuwa umevimba. Aibu ikamshika. Sifa za bombani zilikuwa zimemfumba macho, kama matusi ya bombani yalivyomfumba mwanzoni.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Ngoja nivae viatu."

Damu ikapimwa. Tezi ilikuwa imelala, kama daktari alivyotabiri. Akampa Tulasa kidonge kimoja kidogo cha kila asubuhi, kabla ya kula, na tarehe ya kupima tena. "Wengi huacha dawa hii baada ya muda," alisema. "Wachache huendelea nayo. Tutajua kwa kupima, si kwa kukisia."

Dasain ilipofika, Lokendra alikuwa nyumbani, na Tulasa alikuwa Tulasa. Aliamka wa kwanza. Alipaka nyumba udongo mwekundu, alikata nyasi, alimkimbiza mbuzi wa sikukuu aliyekata kamba. Ndugu wakaja kupakwa tika, alama nyekundu ya baraka, kwenye paji la uso. Wifi mkubwa wa Nandakala alimtazama Tulasa, akapiga kofi la furaha.

"Ama kweli, hapa pana samli!"

Nandakala angeweza kucheka tu na kunyamaza.

"Si samli, dada," alisema mbele ya wote. "Samli yangu ilishindwa. Alikonda nikamnunulia bangili ndogo, akavimba nikamwita mvivu. Kilichomponya ni vipimo, viwili, cha kwanza na cha pili."

Mkwe wa wifi yake, msichana mwenye kichanga cha miezi mitatu, alimfuata Nandakala hadi jikoni.

"Mama," alinong'ona, "hicho kipimo cha tezi... moyo wangu nao unakimbia. Nyumbani wanasema nadeka."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu."

Nandakala akamshika mkono, akarudi naye sebuleni.

"Dada, sikukuu ikiisha hospitali inafunguliwa Jumapili. Huyu anakwenda kupimwa."

"Lakini mavuno, Nandakala..."

"Jumapili," alisema Nandakala. "Mkikosa nafasi, nitampeleka mimi."

Jumapili, siku ya kwanza ya juma la kazi, wakaanza safari ya mjini watatu, na watoto wawili. Msichana alichoka njiani, Nandakala naye magoti yalimuuma. Tulasa alibeba watoto wote wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akatangulia mbele kusimamisha basi.