Titi la Mtu Mzima

Kacha, kacha, kacha. Mkasi ulikuwa ukikata kitambaa gizani. Msusi alitabasamu kitandani. Mama yake, fundi cherehani, alizoea kuamka alfajiri kuwahi kazi za wateja. Lakini mwenye macho ya uzeeni anakataje kitambaa bila taa? Akainuka, akawasha taa.

Alimkuta mama yake kifua wazi, akipasua shuka kuukuu vipande vya kufungia kidonda. Harufu ilimfika kabla hajauliza.

"Mama! Si ulisema dawa zimekimaliza kile kivimbe?"

"Nilidanganya."

Mwaka uliopita daktari aliwashauri titi litolewe mapema. Msusi, akidhani anampa mama yake moyo, aliropoka pale kwenye benchi la wagonjwa: "Ningekuwa mimi, hapo tungelia. Wewe umeshazaa, umeshalea, baba kesha kufa. Titi la nini tena? Unamwonyesha nani?" Benchi zima likacheka. Fundi naye akacheka. Wenzangu, kicheko kile ndicho kilichomfunga mdomo.

"Nilikuwa nalipenda, mwanangu," fundi alisema sasa, akijifunika. "Nikijishonea blauzi, napenda inavyonikaa. Nikaona haya, kizee mzima kulilia titi. Nikasema bora ninyamaze, nife nalo."

Kila siku saluni Msusi aliwapaka rangi ya nywele wanawake wa rika la mama yake, akiwaambia wamependeza kama maharusi. Kwa wateja, uzee ulikuwa na uzuri wake. Kwa mama yake mzazi, aliuzika. Akapiga magoti kufunga kile kidonda, asithubutu kuinua macho.

Titi lilitolewa, ila ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani. Matibabu yanaendelea. Tunaomba heri.

FUNZO

Mwanamke hastaafu mwili wake. Wa miaka ishirini ana uchungu wake, wa sabini ana wake, na hakuna aliyepewa mizani ya kupima machozi ya mwenzake. Mama akiwa na kivimbe, usimwambie hana cha kupoteza. Muulize anaogopa nini, umshike mkono, mwende hospitali mapema. Tena tuache kuuficha ugonjwa huu kama mali ya wizi. Juzi tu mteja alikuja kuulizia blauzi yake, Msusi akaanza kubabaika, "Mama ana mafua kidogo..."

Bintiye mdogo akamkata kauli: "Bibi ana saratani ya titi."