Mstari wa Maziwa

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Karani alikwenda kwenye kliniki ya mifugo ya mama yake. Karani halikuwa jina lake. Watu walimbandika jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Mama alipima na kudunga sindano, yeye akaandika maelekezo na kumsomea mwenye mnyama. Nani alikuwa na mwandiko kama wake? Hakuna! Naye alilijua hilo, tena sana.

Siku moja mama akaleta kompyuta yenye akili mnemba. Alisema maneno mawili matatu tu, mashine ikaandika ukurasa mzima, printa ikautoa.

"Lo! Mwandishi huyu hachoki wala haombi chai!" mama alicheka.

Karani hakucheka. Alishikwa na wivu. Kumwonea wivu binadamu ni kawaida, lakini mashine! Hata hivyo roho ilimuuma vilevile. Sasa kazi yake ilikuwa kuchukua karatasi na kuwagawia watu, mdomo umemvimba kwa kununa.

Juma la pili, jirani yao fundi viatu alileta ng'ombe aliyevimba kiwele. Mama alimdunga sindano. Fundi alipokuwa akimfungua ng'ombe uani, mama akaitajia mashine dawa, vipimo, siku ya kurudi, na kwamba maziwa yasinywewe kwa siku tano. Mara akaitwa kwa ndama aliyevunjika mguu.

"Mpe mjomba karatasi, mwanangu. Yote yamo."

Karani aliisoma. Dawa imo. Vipimo vimo. Siku ya kurudi imo. Habari ya maziwa haimo!

Moyo ulimruka kwa furaha. Kumbe nayo hukosea! "Acha iumbuke," alijisemea. Akampa fundi karatasi bila kusema neno.

Alipokuwa akifagia, akamkumbuka kitinda mimba wa fundi, mtoto wa miaka miwili apendaye maziwa kuliko chochote. Hapo atakayeumia ni nani, mashine au mtoto? Ufagio ulimdondoka. Akatimua mbio.

Alimkuta mke wa fundi akimimina maziwa ya jioni kikombeni, mtoto amenyoosha mikono.

"Shangazi, ngoja! Usimpe! Yana dawa!"

Kikombe kikarudishwa mezani. Mtoto akaangua kilio, na Karani naye akalia.

Nyumbani alimweleza mama yote bila kuficha.

"Kosa la kwanza ni langu," mama alisema. "Nimetoa karatasi nisiyoisoma. Lakini wewe umeona, ukanyamaza. Kwa nini?"

"Nilitaka ujue mimi ni bora kuliko ile mashine."

"Kwa mtoto wa watu kuugua?"

Karani aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza, mwanangu. Mashine inaandika upesi, lakini haimjui yule mtoto. Wewe unamjua, na wivu ulikusahaulisha. Kuanzia kesho, karatasi haitoki kliniki kabla hujaisoma kwa sauti, mimi na mwenye mnyama tukisikiliza. Ukiona kosa, sema, awe amelifanya nani."

Asubuhi, kabla Karani hajaenda shule, fundi viatu alileta ile karatasi kliniki irekebishwe. Karani alimwamkia, akachukua kalamu, na chini ya herufi za mashine akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Maziwa yasinywewe kwa siku tano. Kisha akausoma mstari ule kwa sauti, mara mbili.